Pontiac ya Kijani ya Bi Arlene

Kila Jumamosi ya kiangazi, wenye magari ya zamani ya injini kubwa huyapanga nje ya mgahawa wa baga huko Toledo, Ohio, wakafungua maboneti na kukaa nyuma yake kwenye viti vya kukunja. Wasio na magari hupita wakiangalia injini na kusema, "Nilikuwa nalo." Bingwa wa hao wasio na magari ni Norbert Wieczorek, fundi bomba mstaafu. Aliuza gari lake aina ya Pontiac GTO la mwaka 1969 mapacha wake walipozaliwa, akanunua gari la familia lenye mbao za bandia ubavuni. Anasimulia vizuri kiasi kwamba watu humnunulia soda.

"Nililiuza kwa mtu mwenye kofia ya kuvulia samaki," husema. "Hata hakujaribu kuomba punguzo. Mjinga mimi nikadhani nimemlalia!"

Mwaka huu jirani yake, Bi Arlene, alifiwa na mumewe. Akafungua gereji, na chini ya turubai kulikuwa na GTO ya mwaka uleule.

"Nataka likae kwa mtu anayelipenda," Bi Arlene alimwambia. "Lakini nahama mwisho wa mwezi, Norb."

Nyumbani mkewe, Delphine, hakuinua macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Pesa tunazo. Kanunue."

"Hilo ni la kijani kilichokolea. Langu lilikuwa la kijani kilichopauka."

"Norbert! Miaka arobaini na tano unanililia gari, leo unaniletea habari za rangi?"

"Klachi yake nzito. Na goti langu hili..."

"Goti hilo hilo linakupeleka baa."

Norbert alicheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Alikuwa akijijua: angeweza kumshawishi mtu yeyote anunue gari hilo, isipokuwa Norbert mwenyewe. Akilinunua, Jumamosi atakaa kwenye kiti cha kukunja kama wengine, mzee mwenye gari linalovuja mafuta. Nani atamnunulia soda?

Akapima mlango wa gereji yake. Akaulizia bima. Akapima mlango tena. Siku moja asubuhi aliamka analitaka kweli, kwa uchu wa kijana, akavaa shati safi, akamwambia Delphine waende sasa hivi.

Walikuta trela mbele ya nyumba. Daktari wa meno kutoka mji wa pili alikuwa ameshika usukani wa GTO, na betri ilikuwa imekufa.

"Nilidhani hulitaki," Bi Arlene alisema, uso ukimwiva. "Wiki tatu, Norb, hukusema kitu."

"Mzee, tusaidie kusukuma!" daktari aliita.

Norbert akaegemeza viganja kwenye bampa ya nyuma. Gari likasogea polepole kuelekea kwenye trela, na Delphine, aliyekuwa amebaki kando ya barabara, akakunja mikono ya blauzi, akaja kusukuma upande wa pili.

"Usiseme kitu," Norbert alimwambia.

"Sukuma," alisema Delphine.