Kiharusi Kinachoitwa Karuho

Kaa karibu unisikilize, ndugu yangu, nami nitakueleza polepole. Ukiniuliza kiharusi kinawapata watu mara ngapi huku kwetu Fizi, sina jibu, na sijakutana na mtu aliye nalo. Sababu ya kukosekana jibu hilo niliiona nyumbani kwetu, Mboko.

Mama alikuwa ametoka kula ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa jirani, rafiki yake wa tangu ujana. Alipofika mlangoni petu akashika nguzo, akateleza, akakaa chini. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Mkono wa kuume ulining'inia kama kitu cha mtu mwingine. Alitaka kusema, ikatoka sauti isiyo na neno.

Mama mdogo, anayemfuata kwa kuzaliwa, alipiga kelele: "Karuho! Bamemulisha karuho!"

Karuho ni sumu ambayo huku kwetu kila mtu anaiogopa, ingawa sijaona aliyewahi kuishika mkononi. Kwa sababu yake, mwenye chakula hukionja kwanza mbele ya mgeni. Na anayedhaniwa kulishwa hunyweshwa maji ya majani mpaka atapike. Kwa hiyo majani yakapondwa upesi, kikombe kikaja. Jirani naye alikuja mbio kusaidia. Alipoingia tu, mama mdogo akafunga mlango na kuuegemea.

"Hautoki hapa mpaka dada yangu aseme ulimupa nini."

"Mi nilionja mbele yake! Tulikula sahani moja. Ile ndagala ilichagua tumbo?"

"Bachawi banaonjaka, na habakufake."

Chumba kilikuwa kidogo, na moshi wa jikoni ulikuwa umejaa. Nilitaka kumpeleka Mama hospitali, lakini nani angepita pale mlangoni? Mama mdogo alininyooshea kikombe nimnyweshe. Nikakataa. Akamnywesha mwenyewe, mgongo wake bado mlangoni.

Dawa haikushuka. Koo lililolala halikujua kumeza. Maji yakatokea puani, Mama akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nikampokonya mama mdogo kikombe na kukimwaga dirishani.

"Unamwanga uzima wa mama yako!"

"Anakosa pumzi, mama mudogo. Umwangalie."

Alimwangalia. Kisha akaondoka mlangoni. Nikaita pikipiki ya kukodi, tukamweka Mama katikati yangu na dereva, tukashika barabara ya kwenda hospitali ya Nundu.

Hospitalini muuguzi alimpima, akaniambia ni tansio: damu ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na mshipa wa kichwani umeharibika. Nikamuuliza kama wanauona sana ugonjwa huu. Akageuka, akanionyesha vitanda.

"Hawa ni bale banafika. Bale banabakia ku nyumba na majani yabo, banazikwa na jina la karuho. Nitabahesabu namna gani?"

Mama alipona, kama kupona ni kubaki hai. Analala upande wa ukuta. Anaelewa kila kitu. Macho yake yanafuata mazungumzo yetu, na tukikosea habari anakunja uso. Neno moja tu limebaki kinywani mwake, "eeh", nalo analitumia kwa ndiyo na kwa hapana. Mimi simwachi peke yake, hata kwenda sokoni Baraka ni mpaka mtu aje kunishikia zamu.

Na jirani? Hakuna anayepokea chakula chake. Mtu pekee anayeweza kumsafishia jina ni Mama. Juzi mama mdogo alimuuliza tena, "Ni yeye alikulisha?" Mama akasema, "Eeh!" akitikisa kichwa kukataa, machozi yakimtoka. Mama mdogo akasikia ile "eeh" tu, akatoka nje kuitangaza.

Wewe usingoje kufika hapo. Ukimwona mtu amebadilika ghafla, mwambie atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme maneno machache. Upande mmoja ukikataa au maneno yakikosekana, usimpe chakula wala kinywaji cha aina yoyote. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.