Gari Lililokaa Eda

Kwa nini mtu aende ofisini kutangaza kwamba gari lake halitembei? Nilipanda ngazi za ofisi ya leseni za magari kule Posta na swali hilo kichwani, barua ya mama mkononi, na jibu sina. Ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa. Magari yaliyotumika yalishuka bandarini kutoka Dubai na Japani, na kila aliyefika dirishani alitaka lake liingie barabarani leo, si kesho. Mimi nilikuja kuomba letu litolewe.

Baba alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Alirudi kutoka kazini mchana akiendesha mwenyewe, akaegesha uani kwa jirani yetu Mhindi mwenye duka la vitambaa, akaingia ndani akalalamika kifua. Jirani huyo ndiye aliyemkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe, lakini baba hakurudi. Tangu hapo mama alikuwa eda katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Kariakoo, hatoki, haonani na mwanamume asiye maharimu wake. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu na niliihoji hata eda. Kwa nini mjane afungiwe ndani miezi minne na siku kumi, na mgane aruhusiwe kuoa hata kabla ubani wa hitima haujazimika?

"Uliza tu," mama alisema. "Ukimaliza kuuliza, peleka barua."

Barua ilisema gari haliwaki, kwa hiyo halitatumika. Nilimwambia huo ni uongo, baba alikuja nalo siku ile ile.

"Siku ile liliwaka. Leo haliwaki."

"Umejuaje, mama, na wewe hutoki?"

"Peleka barua, mwanangu."

Kadi ya gari ilikuwa na jina la mama. Baba aliandika hivyo alipolinunua, ndugu zake wakamcheka mpaka wakachoka. Lakini jina kwenye kadi ni jambo moja na ukoo ni jambo jingine. Hata tanga halijaanuliwa, baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa ameshamtafuta dereva. Gari lifanye teksi, alisema, likae bure kwa nini? Mama hangeweza kukataa waziwazi. Mjane anayekatalia shemeji zake msibani hupewa jina ambalo halifutiki. Nami niliona wazi kwamba likishatoka uani mara moja, halitarudi kuwa letu.

Karani alisoma barua mara mbili.

"Dada, watu wananidanganya hapa kila siku kwamba magari yao ni mazima. Wewe umekuja kuniambia lako bovu?"

Foleni ikacheka. Jamaa mmoja nyuma yangu akadakia, "Muulize kama na shuka ya kulifunika kaja nayo!"

"Limeharibika nini?" karani akauliza.

Sikujua. Nilikuwa na joto, na kicheko chao kilinichoma. "Mwenyewe yuko eda," nikasema. "Na gari nalo liko eda."

Kicheko kikakatika. Karani akavua miwani. "Poleni sana. Baba?"

"Baba."

Akagonga muhuri, akanieleza taratibu kana kwamba mimi ndiye mjane: leseni haitadaiwa, lakini gari lisiguse barabara mpaka mwenyewe aje kuandika tena. Likikutwa nje, anayeitwa kituoni ni yeye mwenye kadi.

Nilipomrudishia mama maneno hayo, aliniomba niyarudie hayo ya mwisho. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja mchuzi akaukuta umekolea.

Jumapili baba mdogo alikuja na dereva wake. Nilimpa ufunguo kwa sababu mama aliniambia nimpe. Wakaenda uani kwa jirani, nikawafuata. Injini ilizunguka, ikazunguka, haikushika. Dereva akakanyaga mafuta, akabembeleza, akatukana kidogo.

"Kesho naleta fundi," baba mdogo akasema. Akarudi nyumbani kwetu, akasimama ukumbini mbele ya pazia la chumba cha mama. "Shemeji, gari likikaa linaoza. Huu mji sasa hivi hata mkokoteni haulali. Fundi akija kesho, jioni lipo kazini."

"Ahsante shemeji, Mungu akuzidishie," sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, laini kabisa. "Ila nimeshaiandikia serikali kwamba haliko barabarani. Likikamatwa nje, polisi hawatakuita wewe. Wataniita mimi, kituoni, mbele ya wanaume."

Baba mdogo akauhamisha ufunguo mkono wa pili.

"Sasa niambie wewe ndugu wa marehemu. Utanitoa eda kwa ajili ya gari?"

Yeye alielewa kabla yangu. Kulitoa gari kungekuwa kumtoa nje mjane wa kaka yake, na Kariakoo nzima ingejua kabla ya swala ya magharibi. Aliuweka ufunguo juu ya kiti, akasema "Basi, shemeji, tusubiri," akaondoka na dereva wake. Nilibaki ukumbini nikilitazama lile pazia. Nilikuwa nimesoma mihula kadhaa ya sheria na jamii, na sikuwahi kuona mtu akizifunga hizo mbili fundo moja, tena ameketi kwenye jamvi.

Eda ilipokwisha, mama alioga, akavaa nguo mpya, na safari yake ya kwanza ilikuwa ofisini Posta. Aliandika kwa mkono wake kwamba gari linarudi barabarani. Kisha akaenda uani peke yake, na mimi nilipofika lilikuwa linanguruma. Mama mwenyewe ndiye aliyemtafuta dereva.

Miaka mingi baadaye gari langu mimi liligoma mbele ya nyumba ile ile, na fundi akasema rota imekufa, kile kipande kidogo cha ukubwa wa kizibo, kinachogawa moto kwenye injini. Mama akacheka, akaniuliza kama namkumbuka baba alivyokuwa akifungua boneti kila akiegesha. Nilikumbuka, siku zote nilidhani anaangalia maji. Alikuwa akiitoa rota, mama akasema, wezi wa Kariakoo wasiliwashe, na kuingia nayo ndani mfukoni. Eda nzima rota hiyo ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya mama. Nikamwambia alikuwa mjanja kuwahi kuitoa. Akakana. Hakuitoa yeye. Ilirudi kutoka hospitali, ndani ya mfuko wa suruali ya baba.