Kuku Niliyedhani Anashonwa Ndani Yangu

Nilifukua kuku aliyezikwa, nikamla. Naanza na hilo kwa sababu darasa zima wanalijua, na afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa swahiba wangu, ambaye hulisimulia kana kwamba siku hiyo alikuwa safarini. Alikula paja zima.

Kuku mwenyewe alitoka Kumsenga, zawadi ya shangazi, akapakiwa kwenye lori la Kibondo mpaka kwetu Kasulu. Mama alipomchinja alikuta maini yamejaa uvimbe mweupe, kama mtu kamwagia maharage. Akamzika nyuma ya migomba, akaenda zake mazoezi ya kwaya. Na sisi tulikuwa tumekula maharage wiki nzima. Jembe liko palepale, na swahiba yuko kando yangu. Maini tukayatupa chooni, nyama tukaichoma mpaka ikawa ngumu kama kandambili, na jembe nikaliosha vizuri, maana mimi ni mhalifu mwenye adabu.

Kesho yake, kipindi cha baiolojia, nikanyoosha mkono ili nimchokoze mwalimu. Ni kijana wa Tanga, suruali bugaluu iliyopanuka miguuni, viatu raizoni vya soli nene, na matope ya huku yalishamwangusha mbele ya wasichana.

"Mwalimu, kuku akiwa na uvimbe kwenye maini, kalogwa au kanywa gongo?"

Darasa likacheka. Yeye akaweka chaki chini, akaacha Kiingereza.

"Mara nyingine ni kirusi. Kiko kirusi cha kuku kinachoingia ndani ya chembe hai, kikaukata ule uzi wa urithi, DNA, kikajichomeka katikati. Ila hakijui kumalizia kazi. Kwenye maungio kinaacha nyufa ndogo. Nani anaziziba?"

Akaninyooshea kidole.

"Wewe mcheshi, simama, geuka."

Nikageuka. Makalioni nina kiraka cha kitenge, cha maua mekundu.

"Nani kashona hicho?"

"Mama."

"Chembe nayo ina mafundi wake, kutwa wanaukarabati uzi. Wakiona ufa wanaziba, hawaulizi kilichochomekwa ni cha nani. Wataalamu bado wanachunguza namna wanavyofanya, lakini inaelekea mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayemfungia mwizi ndani. Mshono ukishafungwa, kiraka ndiyo kaptula. Chembe ikigawanyika, kirusi kinarithiwa pamoja na mengine."

Nikakaa. Kucheka kuliniisha. Kwa hiyo saa ileile mafundi wangu mwenyewe, tena kwa nia njema, walikuwa wanamshona kuku ndani yangu. Swahiba akaniinamia sikioni, akanipa salamu ya asubuhi ya Kiha: "Mwakeye, jogoo."

Siku zilizofuata nilijipapasa ubavu nikitafuta uvimbe, nikakagua mikono kama manyoya yanachipua. Ugali ulinishinda. Mama alinitazama, akaniletea maziwa, hakuuliza neno. Mwisho nikamfuata mwalimu nje ya ofisi.

"Mwalimu, kuna rafiki yangu kamla kuku wa namna ile."

"Rafiki yako ana kiraka cha maua?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Alimpika?"

"Alimchoma mpaka akawa mkaa."

Akajizuia kucheka. "Basi kirusi kilikufia motoni. Na hata kingekuwa hai, kile ni cha kuku. Kwenye chembe za mtu hakipati mlango. Hakikuingia, hakikukata, na mafundi wake hawakuwa na cha kushona. Mwambie akale." Akapiga hatua, akageuka. "Na asile tena kilichotupwa. Yako magonjwa mengine yanayoujua mlango."

Nilikimbia mpaka nyumbani, na kiraka kikaachia upande mmoja. Sikujali. Miguu ilikuwa yangu, mikono yangu, hata njaa ilikuwa imerudi. Mama alikuwa uani akichambua maharage. Nikamwaga yote kwa pumzi moja: shimo, kirusi, mafundi, mlango. Akaendelea kuchambua. Halafu akanivuta kaptula kwa nyuma, akautazama mshono ulioachia, akasema:

"Nilijua kesho yake asubuhi. Mbwa akifukua shimo haoshi jembe. Siku zote hizi nalala jicho moja, nasikiliza kama bado unakoroma. Vua hiyo niishone, halafu leo niache nikorome mimi."