Gauni la Mjane Annetje

Mjane Annetje Terhune alikuwa mpiga kura, na asiyelijua hilo katika kata ya Doornkill, jimbo la New Jersey, basi hajawahi kunywa mvinyo wa tufaha katika nyumba yake ya wageni pale kivukoni. Mwanamke mwenye mume hakuwa na kura, kwa kuwa mali ilikuwa ya mume, na akili vilevile. Annetje alikuwa amemzika mume wake, akabaki na mali, na sheria ikamwona ana akili. Kila uchaguzi Bwana Lucas Stagg, mbunge na mtetezi wa wananchi, alimletea gari la farasi mlangoni, akampandisha kwa mkono kama mtu aliyebeba yai. Annetje aliipenda siku hiyo kuliko Krismasi.

Mwaka ule, 1807, kura ilikuwa ya daraja, lijengwe wapi. Likijengwa kule upande wa juu wa mto, wasafiri wangepita huko na nyumba ya Annetje wangebaki nayo buibui. Likijengwa kivukoni, angekula mpaka uzeeni. Bwana Stagg alipanda juu ya pipa akatangaza kwamba mto ni wa wananchi, daraja ni la wananchi, na wale wa juu ni mabwanyenye. Wale wa juu nao walikuwa na Stagg wao, na pipa lao, na maneno yaleyale.

Mchana wa siku ya kura zikaja habari kwamba huko juu hata marehemu wanapiga kura. Hapo Garret Demarest, mkwe wa Annetje, akaingia jikoni amenyoa ndevu.

"Mama, niazime gauni lako la kanisani na kofia."

"Leo kuna ibada?"

"Nakwenda kupiga kura."

"Si umeshapiga asubuhi?"

"Asubuhi nilipiga kama Garret. Wenzangu wote wameshapata magauni ya mama zao, nimebaki mimi tu."

Annetje alikuwa mtu wa dini. Alilifikiria daraja, akamfunga utepe wa kofia chini ya kidevu kwa mikono yake mwenyewe.

"Hatua ziwe fupi," alimwambia. "Na usiteme mate."

Kivuko kikashinda. Kura za Doornkill zilizidi watu wa Doornkill, hata ukihesabu na ng'ombe. Wananchi walikuwa wamesema, na wengine walikuwa wamerudia ili waeleweke vizuri.

Bunge la jimbo likaona haya, likatafuta mwizi. Bwana Stagg halikumwona, maana alikuwa amekaa humohumo ndani. Lililoonekana ni gauni. Stagg mwenyewe alisimama kwa uso wa msiba akasema wizi umeingia kwa mlango wa wanawake, uchaguzi usafishwe. Wakausafisha: tangu hapo kura ikawa ya mwanamume mweupe anayelipa kodi, hata kama ni kodi ya mbwa. Wanawake wakatolewa, na Samson mhunzi, mtu mweusi huru ambaye siku zote alipiga kura yake moja akarudi kazini, akatolewa nao. Hilo likaitwa ushindi wa wananchi.

Uchaguzi uliofuata, gari halikuja. Wale wa juu walikuwa wamedai kura ipigwe upya, kwa kuwa daraja lilikuwa bado mbao tu ukingoni. Annetje akavaa gauni lake la kanisani, akaenda kwa miguu. Penye sanduku alikaa msimamizi mpya, Garret Demarest, aliyetunukiwa cheo kwa utumishi wake kwa umma.

"Rudi nyumbani, mama. Ni sheria."

"Inasemaje?"

"Wanawake walichafua uchaguzi."

"Mwanamke gani?"

Garret akalitazama sanduku. Kwenye foleni mtu akakohoa.

"Gauni hili linaijua njia ya hapo," alisema Annetje. "Ukilivaa wewe ni raia, nikilivaa mimi ni mwizi."

"Mama, watu wanasikia."

"Na wasikie. Nusu yao tulionana nao mwaka jana wamevaa sketi."

Alirudi kwa hasira, na hasira ilimuuma zaidi kwa sababu nusu yake ilimwelekea yeye mwenyewe.

Jioni Garret alikuja na matokeo, akabaki amesimama mlangoni. Daraja lilikuwa limehamia juu kwa tofauti ya kura moja.

Annetje alikuwa anahangaika na utepe wa kofia.

"Njoo unifungue utepe huu," alisema. "Wewe fundo lake unalijua."