Rede ya Maharage

Niliporudi Lufingo nilirudi na sanduku moja, baiskeli na diploma ya ualimu, na diploma naitaja bila aibu kwa sababu hakuna aliyenipa. Sikuchaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Nilichuma chai, nikauza ndizi stendi ya Tukuyu, nikajisomesha katika mojawapo ya shule za binafsi zilizokuwa zinaanza kufunguliwa, kisha nikaenda chuo huko Pwani. Katika kijiji chetu nilikuwa mwanamke wa kwanza kuipata karatasi ile. Nilimwonyesha mama. Akaitazama pande zote mbili, nyuma na mbele, akasema, "Jembe lako liko palepale ulipoliacha."

Ndivyo alivyokuwa. Hakusoma, lakini hakuna mtu aliyewahi kumshinda kwa maneno.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sabuni ilipatikana bila foleni, mitumba ilifika mpaka kwenye magulio yetu, na mabasi ya Kyela yalidondosha chupa za plastiki njia nzima. Watu wazima walizungumzia bei. Mimi niliona rede.

Asiyeijua rede nitamweleza. Wawili wanasimama pande mbili, wanarusha mpira kuwalenga watatu walio katikati. Hao watatu wanakwepa, na huku wanakwepa wanajaza chupa. Ukiguswa na mpira umekufa, unatoka. Chupa ikijaa kabla wote hawajafa, timu yenu imepata pointi moja. Enzi zetu mpira ulikuwa wa majani makavu ya mgomba, na chupa ilikuwa moja tu, ya soda, tena ya kioo. Ikivunjika, rede imekwisha mwaka huo. Sasa kulikuwa na chupa nyingi kuliko wachezaji, na soksi za mitumba zilitoa mipira iliyoshiba, inayouma mgongoni.

Lakini wasichana walikuwa bado wanachezea nyuma ya madarasa, kando ya vyoo, kama sisi. Uwanja ulikuwa wa wavulana. Nikaamua rede itakuwa mchezo wenye kanuni, refa na mashindano, na itaingia uwanjani. Wapo waliocheka. Sasa hawacheki.

Nikaita shule tatu: Masoko, Kyimo na sisi wenyeji wa Lufingo, nilikopangiwa kufundisha. Tulikutana barazani na wasichana waligombana kabla hata sijamaliza kusalimia. Kila shule ilijaza chupa kwa kitu chake. Masoko walitumia makapi ya kahawa, Kyimo pumba za mpunga, sisi udongo uliokaushwa juu ya jiko.

"Makapi ni hewa tupu!" alisema nahodha wetu, msichana mrefu mwenye sauti ya filimbi. "Konzi mbili tu chupa imejaa."

"Na nyie?" akajibu nahodha wa Masoko, mfupi, mikono kiunoni. "Udongo mnauchekecha kama unga wa uji, halafu mnajiita wachezaji."

Nikawanyamazisha. Nilikaa Jumamosi nzima nikaandika kanuni kumi na mbili, nikazichapa kwa stensili, nakala safi zisizo na kosa hata moja. Kanuni ya nne ilisema: *Chupa itajazwa mchanga safi na mkavu.* Ndivyo nilivyoona wakicheza Pwani. Nikamsomea mama.

"Mchanga mkavu," akasema. "Hapa?"

"Nitauleta kutoka ziwani, mama. Kuna lori linarudi kutoka Kyela."

"Na jua? Litakuja na lori lipi?"

Nikaendelea na kanuni ya tano. Mtu mwenye diploma hajibu kila kitu.

Viroba viwili vya mchanga vilifika, mweupe, laini, unaopita katikati ya vidole kama maji. Kyimo walitolewa mapema, fainali ikawa sisi na Masoko, kwenye uwanja wetu. Mratibu wa elimu wa kata alikubali kutupa uwanja kabla ya mechi ya wavulana, akaniambia wazi mbele ya walimu wenzangu: "Nikiona mchezo, Alhamisi uwanja utakuwa wa wasichana, nitauandika kwenye ratiba. Nikiona makelele ya watoto, mwalimu, tusisumbuane tena."

Asubuhi mlima Rungwe ulionekana wote mpaka kileleni. Nikatandaza mchanga wangu juu ya turubai katikati ya uwanja, nikavaa filimbi shingoni. Mama alikuja na ungo na mfuko wa maharage ya mbegu, kwa sababu kwake kukaa na mikono mitupu ni ugonjwa. Alikuwa anachagua mbegu za kupanda wiki ile. Akakaa pembeni, anatupa mbovu, anabakiza nzima.

Nilipopuliza filimbi ya kwanza, mlima ulikuwa umeshaondoka. Filimbi ya pili ilikuta mvua.

Haikuwa mvua kubwa. Ilikuwa ile yetu ya kawaida, isiyo na haraka, ambayo watu wa hapa hawaisimamishii hata mazungumzo. Lakini mchanga uliinywa yote. Wasichana walichota konzi, wakasukuma kwenye mdomo wa chupa, mchanga ukaganda pale kama ugali. Walioinama kuukandamiza kwa kidole walipigwa mpira mgongoni wakafa. Timu zilipokezana kuingia katikati mara tatu, na hakuna chupa iliyofika hata nusu.

"Mwalimu!" alipaza sauti mwalimu wa mpira wa miguu, wavulana wake wameshavaa. "Wanafinyanga vyungu? Tulete kuni tuvichome?"

Uwanja mzima ulicheka. Mratibu, chini ya mwavuli wake, aliangalia saa. Niliijua maana yake.

Nahodha wa Masoko akanijia anatiririka maji. "Mwalimu, turuhusu makapi yetu. Tumekuja nayo."

"Makapi hapana!" akadakia wa kwetu. "Labda na sisi tulete udongo wetu."

"Udongo gani mvua hii? Tope?"

"Kanuni ya nne," nikasema, na hata mimi nilisikia sauti yangu imepungua, "inasema mchanga."

"Gwe mwana," mama akaita kutoka pembeni, kwa ile "wewe" ya Kinyakyusa anayoitumia akishachoka na mtu. "Kanuni imeloa."

Alikuwa amesimama. Khanga yake alikuwa ameifunika juu ya ungo, yeye mwenyewe analowa. Akaja mpaka katikati ya uwanja, ambako sijui kama mwanamke wa umri wake aliwahi kukanyaga, akaweka ungo juu ya turubai langu.

"Maharage hayagandi," akasema.

"Mama, hizo ni mbegu."

"Najua ni nini. Nimezichagua mimi."

"Zitapotea kwenye matope. Utapanda nini?"

Akawageukia wasichana. "Msiyamwage," akawaambia, akarudi kukaa.

Nikampelekea mratibu nakala yangu ya kanuni na kalamu. Nikafuta neno *mchanga* mbele ya macho yake, nikaandika *maharage*. Manahodha wote wawili wakakubali, maana hakuna shule iliyokuwa imewahi kuyatumia. Nikapuliza filimbi.

Sijaona rede kama ile. Maharage hayaingii kwa konzi. Yanaingia mawili, matatu, na kila moja linagonga plastiki. Uwanja ulinyamaza ili kuyasikia. Msichana anaingiza matatu, anaruka, mpira unapita chini ya miguu, anaingiza mawili, analala kifudifudi, mpira unapita juu. Wavulana wakaanza kuhesabu chupa kwa sauti. Nahodha wetu alijaza chupa mbili. Yule mfupi wa Masoko, akiwa amebaki peke yake, alijaza yao ya tatu huku amepiga magoti, hajainua kichwa hata mara moja, mipira inamkosa kana kwamba inamwogopa.

Masoko walishinda. Walishinda kwa kanuni zangu.

Mratibu alikuwa ameufunga mwavuli bila kujua, akaja ameloa mpaka soksi. "Alhamisi," akasema.

Tuliokota maharage, wasichana wa shule zote mbili, magoti kwenye matope. Mfuko wa mama ulirudi nusu. Niliubeba mimi mpaka nyumbani.

Alhamisi ya pili ya ratiba mpya nilimkuta mwalimu wa mpira amesimama katikati ya uwanja, kichwa ameinamisha. "Mwalimu," akasema, "hapa tutapiga mpira au tutapalilia?"

Maharage yalikuwa yameota. Mashina kama arobaini, majani mawili mawili, pale pale yalipokanyagwa. Nikamtuma mtu kwa mama. Alikuja na jembe, akazunguka taratibu, akachutama, akaligusa moja.

"Yamepandwa juujuu," akasema. "Mistari haijanyooka." Kisha akaninyooshea jembe langu, lile aliloniambia liko palepale. "Lakini umelima. Inulia udongo."

Niliinulia udongo, nikiupandisha kuzunguka kila shina, filimbi shingoni, mbele ya shule nzima, na naweza kusema nilifanya vizuri. Kisha nikasogeza mistari ya rede hatua kumi, na wavulana wakasubiri mavuno.