Seva ya Wifi Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mchapaji. Si mhandisi, si profesa, wala hajawahi kuwa jasusi wa nchi yoyote. Nalisema hili mapema kwa sababu ukimsikia anavyotamka "data zangu" utadhani serikali tatu zinamwinda. Ana kiduka kando ya mahakama, chenye kompyuta moja, printa mbili zinazokohoa, na kaunta anayoipitishia kitambaa kila mteja anapoinua viwiko. Usafi ndio ugonjwa wake wa kwanza. Huu mwingine ulimpata ukubwani.

Mimi ni msusi. Saluni yangu iko mlango wa tatu kutoka kwake, kwa hiyo niliuona ugonjwa huo ukianza.

Ulianza kwa mama yangu. Wifi alimchapia mteja barua ya kwenda kwa daktari wa uzazi, akaihifadhi pale anapohifadhi kila kitu, kwenye ile huduma ya bure ya kampuni ya mbali tunayoitumia sote, ile wanayoiita wingu. Mchana uleule mama akaazima simu ya wifi, na kioo kizima kikajaa matangazo ya dawa za kushika mimba. Mama hakumuuliza mwenye simu. Aliwauliza majirani. Kufikia Jumapili ukoo mzima ulijua kwamba mke wa kaka ana tatizo, na shangazi mmoja, ambaye hesabu haikuwahi kumpenda, akatuma salamu za pole kwa mwanamke mwenye watoto watatu.

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Wifi hakucheka.

"Ile barua haikuwa yangu," aliniambia, kasimama mlangoni pa saluni. "Nimeichapa saa nne, nimeiweka. Nani kaisoma?"

"Hakuna aliyeisoma, wifi. Ni mashine tu."

"Mashine ya nani?"

"Ya wenyewe huko. Wana majumba ya kompyuta, wana walinzi, wana mbwa. Sasa watu kama hao waje wachungulie barua yako ya uzazi?"

"Ndiyo. Hiyohiyo."

Basi akanunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi ya bima iliyokuwa inafungwa, akaiweka chumba cha nyuma, juu ya rafu ya karatasi. Hiyo ndiyo seva yake, ghala la data zake mwenyewe. Miezi mitatu alisoma, akakosea, akaizima, akaiwasha, akaanza upya. Kaka yangu alijifunza kupika, kosa ambalo mama hajamsamehe mpaka leo. Mashine ilipokubali hatimaye, wifi aliondoa barua zote kwa wenyewe, akazihamishia chumba cha nyuma, kisha akatugeukia sisi. Picha za familia, humo. Ujumbe, humo. Tarehe za kliniki za watoto, humo. Kila mmoja akapewa neno la siri lenye maneno manne yasiyohusiana. Langu lilikuwa kiatu, mvua, bibi na saba. Kaka akawa anawaambia wageni kwamba nyumba yake ina wifi na waifai, na wote wawili wana masharti.

Mimi nilimdharau, nasema kweli. Niliona ni kujitia. Mchapaji wa barua za talaka na hati za kiapo, leo anajifanya kampuni! Umeme ukikatika, picha za harusi za ukoo mzima zinalala. Nikamwambia mawingu ya wenzake yanakaa mbinguni, lake linakaa juu ya rafu ya karatasi. Picha zangu niliziacha palepale kwenye huduma ya bure, wazisome mpaka wachoke.

Wateja hawakumcheka. Habari zikazunguka mahakamani kwamba anachokichapa yule mama hakitoki nje. Wakaanza kuja watu wa sauti ya chini, wanaosubiri wenzao watoke ndipo waseme. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya stendi, mteja wangu pia, ingawa miye hakuwahi kuniambia chochote, na sasa namwelewa. Wifi alimchapia barua ya kwenda ofisi ya elimu. Mwalimu aliomba uhamisho wa siri kwenda shule iliyo karibu na dada yake, mbali, kwa sababu mumewe alikuwa anampiga.

Kabla mwalimu hajaichukua, wifi akalazwa kufanyiwa upasuaji wa uvimbe tumboni. Duka nikaachiwa mimi, neno langu la siri likapewa ruhusa ya kufungua na barua za wateja, pamoja na ukurasa mzima wa maagizo uliochapwa kwa namba, kana kwamba naachiwa meli. Namba ya kwanza: "Futa mashine kila asubuhi kwa kitambaa kikavu." Ya sita: "Mwalimu akishachukua barua yake, futa faili lake hapohapo, mbele yake, aone."

Nilikunja uso. Nikasema moyoni, mtu amelala hospitalini na bado anawaza vumbi.

Mwalimu alikuja Jumatano. Nikamwonyesha kwenye rafu faili lake, lile gamba la karatasi ngumu la kijani ambalo wifi huwekea rasimu za kila mteja. Nikalishusha, nikatoa barua iliyopigwa mhuri, nikaitia kwenye bahasha ya duka. Kisha nikachukua kitambaa nikalifuta faili, mbele na nyuma, taratibu, mbele yake, aone.

Aliniangalia kwa mshangao kidogo. "Ndiyo umeshafuta?"

"Nimeshafuta, mwalimu. Halijabaki kitu."

Akashusha pumzi, akanishika mkono, akaondoka.

Alhamisi akaja mwanamume nadhifu, kachomekea shati, mpole wa kuudhi. Mkononi ana bahasha yetu, tupu, imelowa chai. Akasema mke wake, mwalimu, amemwagia chai barua aliyochapiwa hapa, anaona haya kurudi, kamtuma yeye achukue nakala. Nikaketi kwenye kompyuta, nikaandika kiatu, mvua, bibi na saba, nikaiona barua imekaa kwa jina la mwalimu. Sikuisoma. Nilijisifu kwa hilo, eti mimi si mbeya. Nikamtolea nakala mbili, moja akiba. Akaniambia duka limepata mtu makini.

Wifi alirudi Jumatatu, kajishika tumbo, akaenda moja kwa moja kwenye mashine.

"Wifi, faili la mwalimu mbona lipo?"

"Nililifuta. Mwenyewe aliniona."

"Ulilifutaje?"

Nikachukua kitambaa nikamwonyesha. Alikitazama kile kitambaa, akanitazama mimi, na nusura acheke; niliona mdomo unaanza. Kisha akasoma kitu kwenye kioo.

"Hii imechapishwa tena Alhamisi. Nani alikuja Alhamisi?"

Nikamwambia. Hata kumsifia yule bwana nilimsifia, kabla sijaona sura ya wifi. Wifi alikaa chini sakafuni, yeye asiyekaa mahali bila kupapangusa kwanza.

"Kampuni ile ingemuuzia dawa za maumivu," alisema. "Sisi tumemkabidhi kwa mumewe."

Alisema sisi. Angesema wewe ningejua pa kuanzia kubisha, maana kubisha ndiyo kazi ninayoiweza. Miezi yote ile nilimcheka kwa kuwaogopa watu wa mbali, na mdomo wazi wa mtaa mzima ulikuwa wangu. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyojidharau siku ile, na nimedharau wengi.

Alitoka na mshono wake mbichi, akatembea mpaka shuleni. Tulikuwa tumechelewa. Yule bwana alishafika ofisi ya elimu na nakala zangu mbili, akawaeleza kwa upole uleule kwamba mke wake kichwa hakijatulia, na maombi yakawekwa kando. Mwalimu alimsikiliza wifi getini, hakupaza sauti. Alimwambia tu, "Nenda nyumbani ukapumzike, mama, una jeraha."

Wifi anaendelea na mashine yake. Siku hizi hakuna anayekaa kwenye ile kompyuta isipokuwa yeye, na akiugua duka linafungwa. Ukurasa wa maagizo ameuchana. Picha zangu nimezihamishia kwake, nikazileta mwenyewe bila kuombwa, naye akazipokea.

Mwezi uliopita mwalimu alikuja saluni. Hakuja peke yake. Mumewe alimfungulia mlango, akanisalimia kwa heshima, akaketi kwenye benchi la wanaosubiri, shati limechomekwa. Mwalimu akakaa kwenye kiti, macho kwenye kioo, hakunitazama. Nilimfungua kitambaa cha kichwa. Nyuma ya sikio palikuwa na jeraha linalokauka, nikalizunguka kwa kitana bila kuligusa.

Nikamuuliza anataka mtindo gani. Mumewe ndiye aliyejibu.