Pamba Kichwani kwa Marehemu

Leo nimemtoa marehemu pamba kichwani, na hadi sasa roho inaniuma.

Niko studio kwangu hapa Bariadi, akaingia mama mmoja kutoka Malampaka na picha ya mumewe. Niliipiga mimi mwenyewe, enzi zile kamera ndogo za kidijitali ndiyo zinaanza kuingia madukani. Mzee katoka kushindilia pamba, jua linazama.

Mnaozikumbuka kamera zile mnajua. Mwanga ukipungua kidogo tu, sensa, kile kidude cha ndani kinachonasa mwanga, inamwaga chenga picha nzima.

Mama alitaka picha kubwa ya ukutani. Mimi na kiherehere changu nikaiskani, nikafuta chenga zote kwa kompyuta. Mzee akatoka safi kama amepigwa jana.

Nikamkabidhi, nikasubiri sifa.

Akaitazama weee.

"Mwanangu, pamba zake umezipeleka wapi?"

Nikarudi kwenye ile ya zamani. Kweli, nywele zilikuwa na pamba. Kompyuta imezifagia pamoja na chenga.

"Kila jioni alikuwa anakaa chini, namtoa moja moja," akasema. "Siku hiyo nilikuwa bado sijamtoa."

Nikamwambia, mayu, yaani mama kwa Kisukuma, nitazirudisha, ila siwezi kujua ipi ni pamba na ipi ni chenga ya kamera.

Akaikunja kanga yake vizuri mapajani.

"Basi ziache zote. Nitazichambua mwenyewe."